Viti 19, Abiria 15: Hesabu ya Twin Otter Kati ya Tabora na Kigoma

Ndege ina viti 19. Wameitwa abiria 15 tu. Wanne wameambiwa wasubiri safari nyingine, ilhali kila mmoja anaviona viti vitupu kupitia dirishani. Kwenye ndege ndogo za injini mbili jambo hili ni la kawaida, na lawama humwangukia karani wa kaunta. Karani hana kosa. Jibu limo kwenye karatasi ya uzito aliyoijaza rubani, na ukiisoma karatasi hiyo vizuri utakuwa umeielewa ndege yenyewe.

Tutumie mfano wa de Havilland Canada DHC-6, inayojulikana dunia nzima kwa jina la Twin Otter, na tuipitishe njia ya Tabora hadi Kigoma, kama kilomita 350 kwa mstari ulionyooka.

Twin Otter hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 5,670. Ndege tupu pamoja na viti, oili, vifaa na marubani wawili tuiweke kilo 3,500; kila ndege ina namba yake, hupimwa kwenye mizani na kuandikwa katika kumbukumbu zake. Zinabaki kilo 2,170 za kugawana kati ya mafuta na mzigo. Kwa mwendo wa kilomita 280 kwa saa, safari ni saa moja na robo. Injini mbili kwa pamoja tuzipangie kilo 270 za mafuta kwa saa, hivyo safari inakula karibu kilo 340. Weka akiba ya dakika 45: kilo 200. Kisha kuna swali la masika: je, mvua ikiifunga Kigoma kabla hujatua? Lazima uwe na mafuta ya kukufikisha kwingine. Mpanda iko kama kilomita 225 kutoka Kigoma, hiyo ni kilo 220 zaidi. Ongeza 20 za kuwasha injini na kutembea ardhini. Jumla kilo 780. Zilizobaki ni 1,390, na ukimhesabia kila abiria kilo 90 pamoja na begi lake, wanaingia 15, na kilo 40 za salio ni nusu ya mtu.

Siku ya anga safi, uwanja wa akiba ukiwa karibu, hesabu inalegea na wawili watatu wanaongezwa. Ndiyo maana idadi hubadilika siku hadi siku kwenye njia ileile, na abiria aliyepanda jana wakiwa 17 anashindwa kuelewa kwa nini leo ni 15.

Njia ya Dar es Salaam hadi Kigoma moja kwa moja ni tatizo la aina nyingine. Ni kama kilomita 1,070, karibu saa nne angani. Mafuta ya safari peke yake yanakaribia kilo 1,040, na ukiongeza akiba na uwanja mbadala unafika 1,450 na ushei. Matangi ya kawaida ya ndege hii huchukua lita 1,430 hivi, yaani kilo 1,145. Haiingii. Kwa mwendo huo ni lazima kutua Tabora au Dodoma kujaza, abiria wawe wengi au wachache.

Namba 5,670 na 19 zimetoka wapi

Kilo 5,670 ni ratili 12,500. Hapakuwa na bawa lililoshindwa kubeba ratili 12,501. Ni mpaka wa sheria. Marekani na Kanada, ndege iliyozidi uzito huo iliingia katika kundi la ndege kubwa, lenye masharti mazito zaidi na gharama kubwa ya kuthibitishwa. Wabunifu wakachora ndege ikaja kusimama kwenye mstari wenyewe. Viti 19 navyo vina sababu kama hiyo: kuanzia kiti cha 20 sheria inadai mhudumu wa abiria, mtu mwingine wa kubeba na kulipa. Kundi zima la ndege hizi, Let L-410 ya Czechoslovakia, Dornier 228 ya Ujerumani na hata Cessna SkyCourier iliyoruka mara ya kwanza 2020, linaishia viti 19 kwa sababu hiyo.

Twin Otter ilizaliwa Downsview, Toronto. Kampuni ilikuwa tayari na Beaver ya 1947 na Otter ya 1951, ndege za injini moja ya pistoni zilizojengwa kutua porini, ziwani na kwenye theluji. Otter ilikuwa imara lakini injini yake ya farasi 600 ilikuwa nzito, na ikizima huna nyingine. Mwaka 1963 Otter moja ya majaribio ilifungwa injini mbili ndogo za turbini aina ya PT6 kwenye mabawa, kuchunguza jinsi ndege inavyotii usukani ikienda polepole sana. Kazi ya ndege mpya ikaanza 1964, na tarehe 20 Mei 1965 ya kwanza ikaruka.

Wahandisi wake walitupa kila kitu kinachoweza kuharibika mahali pasipo na fundi. Magurudumu hayakunjwi, kwa hiyo hakuna mfumo wa kuyakunja wa kukwama. Miguu ya nyuma haina shokabu za oili na gesi. Inabana mapande ya mpira mgumu, ambayo hayavuji, na yakichakaa unayaona kwa macho. Bawa limeshikiliwa na mhimili wa nje, na mwili haujazwi hewa ya shinikizo. Mwendo umepotea hapo, na uwezo wa kupanda juu ya mawingu ya radi umepotea pia. Rubani wa Twin Otter akikuta wingu jeusi limesimama juu ya Ziwa Tanganyika atalizunguka au atarudi. Ndege yenye hewa ya shinikizo ingepanda juu zaidi na kuchagua njia yake kutoka huko.

Aina za mwanzo, 100 na 200, zilitengenezwa 115 kila moja. Kisha ikaja 300 mwaka 1969, ikiwa na injini za PT6A-27 za farasi 620, na hiyo ndiyo iliyoenea: 614. Utengenezaji ulisimama 1988 baada ya ndege 844. Zikaendelea kufanya kazi bila mrithi, zikitua Lukla kule Nepal, kwenye mchanga wa ufukwe wa Barra huko Scotland, na juu ya maji Maldives. Aprili 2001 moja ilitumwa hadi Ncha ya Kusini, katika giza la majira ya baridi, kumchukua daktari mgonjwa. Viking Air ya British Columbia ilinunua haki za ndege hii 2006, na mwaka 2010 aina ya 400 ya kwanza kutoka kiwandani ikaruka.

Injini inayopumua kinyume

Wengi wanaotazama Twin Otter ikiwa imesimama hudhani mabomba mawili yaliyo mbele, karibu na propela, ni ya kuingizia hewa. Ni ya kutolea moshi. PT6 imefungwa kinyumenyume: hewa huingia chini ya injini, hupelekwa nyuma, hupita kwenye kompresa ikielekea mbele, huchomwa, huzungusha turbini mbili, na hutoka mbele.

Turbini ya kwanza huzungusha kompresa. Ya pili huzungusha propela kupitia gia, na kati ya hizo mbili hakuna shafti inayoziunganisha. Kinachozifunga pamoja ni upepo wa gesi ya moto tu. Faida yake inaonekana wakati wa kuwasha: starta inazungusha upande wa kompresa peke yake, bila kubeba uzito wa propela, hivyo betri ndogo inatosha. Faida nyingine inaonekana kwa fundi. Injini inafunguka katikati, kwenye flanji moja, na sehemu ya moto inakaguliwa au kubadilishwa huku nusu ya nyuma ikiwa bado imefungwa bawani. Kazi ya namna hiyo inawezekana chini ya turubai Kigoma. Kwa injini nyingi nyingine ungelazimika kuisafirisha.

Betri dhaifu ndiyo adui mkubwa wa injini hii. Taratibu ni kuzungusha kompresa hadi ifike angalau 12% ya mzunguko wake na itulie, ndipo mafuta yafunguliwe. Betri ikiwa imechoka, kompresa inakwama chini ya hapo. Rubani mwenye haraka akifungua mafuta, moto unawaka lakini hewa ya kuupoza haitoshi, na mshale wa joto unakimbia. Kikomo cha joto wakati wa kuruka kwa PT6A-27 ni nyuzi 725. Uwashaji mbaya unaweza kulipita hilo kwa mamia ndani ya sekunde chache, na majani ya turbini yakawa yamekwisha kabla ndege haijasogea. Kanuni ni fupi: joto likipanda bila mzunguko kupanda, funga mafuta, endelea kuzungusha na starta ili kuitoa gesi, kisha tafuta umeme wa nje. Kurusha shilingi na betri ya mashaka kwenye kiwanja kisicho na gari la umeme ni kosa lisilo na udhuru.

Vumbi ni adui wa polepole. Udongo mwekundu wa viwanja vya changarawe hula ncha za majani ya kompresa, na hewa inayosukumwa hupungua kidogo kidogo. Dalili haitoi kelele: kwa nguvu ileile ya propela, joto linasoma nyuzi kumi zaidi ya mwezi uliopita. Ndiyo maana marubani huandika namba za kila safari, na fundi anayezichora kwenye grafu anajua injini inayoumwa wiki kadhaa kabla haijalalamika. Kuiosha kompresa kwa maji safi husaidia uchafu ulioganda, ila chuma kilicholiwa hakirudi.

Tabora saa nane mchana

Uwanja wa Tabora uko futi 3,870 hivi juu ya usawa wa bahari, wa Kigoma futi 2,700. Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa ya Tabora inakuwa nyepesi kama hewa ya futi 6,800. Asubuhi ya siku hiyohiyo, kwenye nyuzi 20, ni kama futi 5,400. Bawa, propela na injini vyote vitatu vinaishi kwa hewa, na vyote vitatu vinapungukiwa kwa wakati mmoja.

Injini ina vikomo viwili: msokoto wa gia na joto. Pwani, asubuhi ya baridi, unasukuma mikono ya nguvu (kwenye Twin Otter iko juu darini, kati ya marubani) na msokoto ndio unaofika kikomo kwanza. Injini bado ina akiba ya joto. Tabora saa nane mchana inakuwa kinyume, joto linagonga 725 huku msokoto ukiwa chini. Nguvu ya farasi 620 iliyoandikwa kwenye kitabu haipo siku hiyo. Ikiwa injini moja itazima wakati wa kuruka, iliyobaki inatakiwa kuipandisha ndege yenye uzito wote, na PT6A-27 yenye afya, usawa wa bahari, kwenye hewa ya kawaida, inaipandisha kama futi 340 kwa dakika tu. Juu ya hewa ya futi 6,800 kinachobaki ni kidogo mno. Rubani anayeanza safari saa moja asubuhi hatafuti sifa ya kuwahi. Ananunua uwezo huo.

Hapa ndipo sifa maarufu ya ndege hii inapoeleweka vibaya. Vitabu vinasema inahitaji mita 366 kuruka na kuvuka kizuizi cha futi 50. Ni kweli, kwa usawa wa bahari, na kwa mtindo wa kunyanyuka kwa mwendo mdogo kabisa. Flapi zake (vibao vinavyoshushwa nyuma ya bawa) zina mianya miwili na zimeenea nyuma ya bawa lote, hata aileroni, vibao vya kuilaza ndege upande, hushuka pamoja nazo, kiasi kwamba ndege huanza kuishiwa nguvu ya kuelea karibu na noti 58 tu, yaani kilomita 107 kwa saa. Lakini kwa mwendo huo injini ikizima, usukani wa mkia hauna upepo wa kutosha kuizuia ndege isigeukie upande uliokufa. Kwa abiria wa kulipa, urefu unaohitajika ni ule unaokuwezesha kusimama salama au kuendelea na injini moja, na huo ni mrefu zaidi ya mita 366. Mtu anayependekeza uwanja wa mita 400 wilayani kwa sababu “Twin Otter inatosha” amesoma mstari mmoja wa kitabu.

Kusimama ndiko inakong'aa kweli. Propela inaweza kugeuza pembe ya majani yake na kusukuma hewa mbele, na kwenye changarawe yenye matope inasaidia kuliko breki. Ila mikono isivutwe kwenye sehemu hiyo magurudumu yakiwa hewani. Ajali ya Machi 2001 kwenye kisiwa cha Saint-Barthélemy, ndege ikiwa inakuja kutua, wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kuwa chanzo chake ni propela kuwekwa kwenye pembe ya ardhini. Na kwenye changarawe usiendelee kuzigeuza propela hadi ndege isimame kabisa: zinainua mawe zenyewe na kujipiga.

Mafuta ya pipa, na mizigo yetu

Matangi yako tumboni, chini ya sakafu ya abiria, moja mbele na moja nyuma. Unajaza ukiwa umesimama chini, bila ngazi wala kupanda bawani, na hilo lilifanywa kwa makusudi kwa ajili ya sehemu zenye mapipa tu. Kwa kawaida tangi la mbele hulisha injini ya kulia, la nyuma hulisha ya kushoto. Ukipenda usalama wako, elewa maana yake: pipa lenye maji likimwagwa tangi moja linatishia injini moja, likigawanywa kwenye yote mawili linatishia zote.

Pipa la akiba lisimamishwe likiwa limeinama kidogo, mdomo ukiwa upande wa juu, lisiguswe kwa saa kadhaa ili maji na kutu vizame. Bomba la pampu lisifike chini kabisa. Pitisha kwenye kichujio kinachozuia maji. Kisha baada ya kujaza, na tena asubuhi kabla ya safari ya kwanza, toa mafuta kidogo kwenye kila bomba la kutolea maji, uyatazame kwenye chupa safi dhidi ya mwanga. Usiku wa Kigoma wakati wa mvua unaweza kuweka maji ndani ya tangi lililoachwa nusu, bila mtu yeyote kukosea.

Mizigo ya huku ina tabia zake. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Dumu lilelile likijaa asali ya Tabora linafika 28. Anayekadiria kwa macho atakosea kilo 10 kwa kila dumu, na kwa madumu 15 ya asali kosa hilo ni karibu abiria wawili wasio na tiketi, tena wamewekwa nyuma kabisa. Twin Otter ikipakiwa nyuma kabla ya mbele huinuka pua na kukaa mkia, ndiyo maana huwekewa nguzo chini ya mkia wakati wa kupakia. Hewani hakuna nguzo. Mzigo ukipita mpaka wa nyuma, ndege inainua pua bila kuombwa, na hali inazidi flapi zikishushwa.

Dagaa hudhuru kwa chumvi yake kuliko harufu. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi, chumvi yenyewe ya Uvinza, hata maji ya barafu ya migebuka: kitu chochote kati ya hivi kikipenya chini ya sakafu kinaanza kula alumini na waya za chuma zisizoonekana. Tandika plastiki nzito yenye kingo zilizopandishwa, na sakafu ifunguliwe na kuoshwa kwa ratiba, bila kungoja harufu.

Waya hizo ndizo zinazobeba amri ya rubani hadi mkiani, hakuna msaada wa haidroliki. Agosti 9, 2007, karibu na kisiwa cha Moorea katika Polinesia ya Kifaransa, kebo ya usukani wa kupanda na kushuka ilikatika flapi zilipokuwa zikirudishwa, na watu wote 20 wakafa. Kebo ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, aina inayovumilia chumvi lakini inayolika haraka zaidi inaposuguana na vielekezi inamopita, na wachunguzi walitaja pia upepo wa ndege kubwa kuwa huenda ndio ulioipiga ilipokuwa imeegeshwa. Fundi hukagua kwa kupitisha kitambaa juu ya waya: uzi uliokatika unanasa. Kisha huilegeza na kuikunja mahali inapopita kwenye kielekezi, kwa sababu hapo ndipo nyuzi hukatikia kwa ndani. Na ndege ndogo isiegeshwe nyuma ya kubwa inayojiandaa kuondoka bila kufungwa usukani wake, hata kama uwanja ni finyu.

Kwa nini leo haionekani sana

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa na Twin Otter, na Shirika la Ndege Tanzania lililoanza 1977 likazitumia pia kwa viwanja vya mikoani. Viwanja vya Tabora na Kigoma vilipowekwa lami, faida ya kutua kwenye changarawe ilipungua thamani, na ndege kubwa ya propela aina ya Q400, yenye viti zaidi ya 70, inamaliza safari ya Dar es Salaam hadi Kigoma kwa karibu nusu ya muda. Hiyo Q400 ni ndugu wa damu: nayo ilijengwa Downsview. Kwa viwanja vidogo, kama ule wa ufukweni karibu na Mahale, Cessna Caravan imechukua nafasi, kwa kuwa inabeba nusu ya abiria kwa injini moja tu ya familia ileile ya PT6. Mafundi wanaoijua injini hiyo kwa hiyo wapo, na vipuri vyake havihitaji kutafutwa mbali.

Aina ya 400 ina vioo vya kompyuta badala ya saa za mshale, na injini za PT6A-34. Nguvu inayoruhusiwa imebaki farasi 620, lakini injini yenyewe ina uwezo wa 750, hivyo inaendelea kutoa zile 620 kwenye joto ambalo PT6A-27 imeshazipoteza. Kwa Tabora ya Oktoba maana yake ni kwamba safari ya saa nane mchana inapata pumzi. Uzito wa juu wa kuruka ni uleule, kilo 5,670, na wale abiria wanne bado wanabaki uwanjani.